Rafu ya Mama Ndoto

Niacheni nianzie jikoni, maana hapo ndipo watu wanapomhukumu bure. Ukiingia kwa Mama Ndoto unakuta sahani zimepangwa ndani ya beseni, sakafuni, na juu yake kitambaa safi kimetandazwa. Vikombe navyo vimejipanga kando ya ukuta kama wageni waliokosa viti. Mgeni hutazama huku na huku, kisha uvumilivu humshinda. "Mama, mbona huna rafu ya vyombo?" Yeye hucheka peke yake na kumwongezea chai. Majirani wengine wanasema ni ubahili, wengine wanasema marehemu mumewe alikuwa mvivu. Lo, midomo ya watu! Yule bwana hakuwa mvivu hata chembe. Kaeni niwaeleze rafu ile ilikwenda wapi.

Jina la Ndoto lilimpata akiwa mdogo. Alikuwa na tabia ya kulala kifudifudi karibu na chemchemi, sikio ardhini, akisema anasikia maji yanatembea huko chini. Mama yake alimwita mpaka sauti ikamkauka. "Wewe mtoto, utaingiwa na sisimizi masikioni!" Akitumwa maji, alirudi na ndoo nusu na hadithi nzima. Basi wakamwita Ndoto, na alipozaa binti yake wa pekee watu wakaongeza Mama mbele, yakaisha. Jina aliloandikiwa hakuna anayelikumbuka leo.

Aliolewa na mchorongaji. Kazi ya mchorongaji, kwa asiyeijua, ni kusimamia mashine inayotoboa mwamba kwenda chini kabisa, halafu inaleta juu kipande cha mwamba huohuo, kirefu, cha mviringo, unene wa mkono wa mtoto. Wachorongaji wanaviita miwa. Bwana huyu walimpa jina la Kamili, kwa sababu miwa yake ilitoka mizima. Wengine wakichoronga, jiwe linavunjika, linasagika, linapotelea shimoni. Kamili aliweka kiganja juu ya mashine, akaisikiliza, akapunguza, akaongeza, na masanduku yake yalijaa mawe mwanzo hadi mwisho. Vijana wa makambi mengine walikuja kuyatazama. Naye, tuseme ukweli, alipenda kutazamwa. Alikuwa mtu mwema sana, lakini sifa zilimkaa kifuani.

Nyumbani kwao, nyuma ya mlango wa jiko, kulikuwa na ubao. Ubao mrefu, wa mti mgumu, umepigwa randa vizuri. Kamili aliuleta akaapa kwamba rafu itakuwa ukutani wiki ijayo. Wiki ijayo ikaja ikapita, ikaja nyingine, mpaka mkewe akaupa ubao wenyewe jina hilo. "Sogea nifagie, Wiki Ijayo," alikuwa akiuambia, na Kamili, akiwa mezani, alijifanya hasikii.

Ndipo ikaja kazi ya bwawa. Kulikuwa na bonde refu lenye mto mwembamba katikati, na wakubwa walitaka kujenga ukuta pale ambapo milima miwili inakaribiana, maji yajae nyuma yake. Chini ya bonde hilo kulikuwa na mji mdogo. Na katika mji huo, karibu kabisa na mto, ndiko alikoolewa binti yao, na wakati huo alikuwa na mimba ya kwanza, ameshaanza kutembea mkono kiunoni. Kamili akapewa mashine. Mama Ndoto akapata kazi kwenye banda la mawe: kupokea masanduku, kuosha miwa, kuipanga kwa utaratibu iliyotoka nao ardhini.

Mkubwa wao pale alikuwa mtaalamu wa miamba. Kama kuna bwana shamba na bwana afya, kwa nini kusiwe na Bibi Mwamba? Ndivyo walivyomwita. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye kofia kubwa na nyundo kiunoni, hana makuu, na chai alikunywa akiwa amesimama. Siku ya kwanza aliwakusanya wote chini ya bati la banda.

"Watu wanadhani bwawa ni ukuta," alisema. "Ukuta ni nusu tu, jamani. Nusu nyingine ni mlima wenyewe. Ukuta tutauchagulia kila kitu, saruji yake, unene wake. Mlima hatuuchagulii, tunaukuta ulivyo. Na maji yakijaa hapa yatausukuma mchana na usiku, hayachoki wala hayasinzii. Yakipata ufa yatapita. Yakipita yatabeba udongo. Yakibeba udongo, ule ufa unakuwa mlango."

"Na ukishakuwa mlango?" aliuliza Mama Ndoto.

"Ukishakuwa mlango, mama, tumewaua walioko chini."

Alieleza pia kwamba mlima wa kushoto ulikuwa wa mawe ya chokaa, na mawe hayo yana udhaifu wake. Maji huyayeyusha, polepole mno, kama bonge la sukari kwenye chai iliyopoa. Unaweza kukuta mlima umesimama vizuri kwa nje, na ndani umeliwa. Ndiyo maana alikuwa na sheria moja ambayo hakutaka mtu aichezee. Muwa ukikosekana, hata kidogo, pale palipokosekana lazima kiwekwe kipande cha ubao, chenye urefu uleule uliokosekana.

"Msinijazie masanduku," alisema. "Pengo nalo ni habari. Mkinisogezea mawe yakagusana, mmenificha kitu ambacho mlima ulikuwa unaniambia."

Mama Ndoto aliipenda kazi ile mpaka ikawa inamfuata usingizini. Jiwe kavu halina uso. Lakini ukilimwagia maji na kulipitisha brashi linaamka: kijivu kinageuka bluu, mistari myeupe inajitokeza, na mara nyingine unakuta kigamba kidogo cha kome kimelala humo ndani.

"Kwa hiyo hapa palikuwa bahari?" alimuuliza Bibi Mwamba.

"Zamani hizo ambazo hata hazina mtu wa kuzisimulia."

"Maskini. Bahari imeondoka, sasa sisi tunapaletea ziwa." Akaendelea kuosha, macho yakiwa mbali.

Jioni alirudi nyumbani kwa kukatiza bonde. Huko juu kwenye miamba, pande zote mbili, wapimaji walikuwa wamepaka alama nyeupe kuonyesha maji yatakapofikia. Mama Ndoto alitembea chini ya alama hizo kana kwamba maji yameshakuja. Aliwaona samaki wakipita karibu na masikio yake. Aliona kilemba chake kikipepea bila upepo, na nyasi zikiinama zote upande mmoja. Alitembea taratibu, maana ndani ya maji hakuna anayekimbia, na alifika nyumbani amechelewa, chumvi amesahau kununua. Kamili alimpokea mlangoni. "Leo umetokea ziwani tena?" Naye akajibu, "Maji ya leo yalikuwa ya vuguvugu."

Basi. Siku moja yakaletwa masanduku ya shimo la mwisho la mlima wa kushoto. Bibi Mwamba alikuwa ng'ambo ya mto, na kesho yake wakubwa walikuwa wanakuja ili awaonyeshe mstari: ukuta uanzie hapa, uishie pale. Alichokuwa anangoja ni masanduku hayo tu. Mama Ndoto akamimina maji, akashika brashi.

Alikuwa na mchezo wake. Kila muwa ulipovunjika alichukua vipande viwili akavikutanisha, kama mtu anavyojaribu sahani iliyopasuka. Jiwe likivunjika linaota meno, na meno ya huku hukubaliana na meno ya kule. Alikuwa akiimba kwa sauti ya puani, akikutanisha, akiweka chini, akikutanisha. Katika sanduku la chini, katikati, meno yakakataa. Akageuza hivi, akageuza vile. Wapi! Kipande cha juu kilikuwa kimevunjika kwa ukali. Cha chini kilikuwa laini, cha mviringo kichwani, kimelambwa na maji, na juu yake kilikuwa na utando mwembamba wa tope jekundu. Na viwili hivyo vilikuwa vimelazwa vikigusana, bila hata kijiti kati yao.

Mikono iliyoyapanga mawe yale aliijua. Ndiyo iliyokuwa ikimfunga viatu alipokuwa na mimba ya binti yao na hawezi kuinama.

Aliketi kwenye benchi ili afikiri. Lakini joto la bati lilikuwa limemwagika ndani ya banda, maji yalidondoka kutoka mezani, tone, tone, na kufikiri kwake kukageuka kuwa kile ambacho siku zote kiligeuka. Alijikuta chini ya ziwa. Bonde limejaa, mwanga ni wa kijani, kimya. Akahisi mkondo mdogo unamvuta gauni upande wa kushoto, kwa adabu, kama mtoto anayetaka kuonyeshwa kitu. Akaufuata. Akakuta mlango mlimani, mfupi, usio na ubao wala kitasa, na maji yanaingia humo yakiinama. Upande wa pili alisikia ufagio. Ni binti yake anafagia uwanja, anapumzika, anashika kiuno, anafagia. Mama Ndoto alitaka kumwita lakini kinywa kilikuwa kimejaa maji. Alipozinduka shavu lake lilikuwa juu ya kitambaa kilicholowa.

Angeweza kwenda moja kwa moja kwa Bibi Mwamba. Alisimama, akaenda hadi mlangoni, akarudi. Alimpenda mumewe na alimkasirikia, vyote viwili kwa pamoja, na hakujua aanze na kipi. Akayarudisha mawe kama alivyoyakuta, akafunga banda, akaenda nyumbani kwa njia ya juu, nje ya zile alama nyeupe.

Walipomaliza kula, na mwanga wa jioni bado uko dirishani, alikusanya sahani akaziweka ndani ya beseni sakafuni. Akauliza bila kugeuka.

"Mashine ilidondoka?"

Kamili alikuwa anachokonoa meno. Akaacha. "Mashine gani?"

"Usinizungushe, mume wangu. Sanduku la chini. Mawe yale si ndugu, umeyalazimisha kulala kitanda kimoja."

"Sasa wewe ndiye wa kunifundisha kazi? Mimi nimechoronga kabla hujajua muwa ni nini!" Akasimama, akakaa. "Mnaosha mawe siku mbili tatu tayari mmekuwa wataalamu. Weee, usinichezee!"

Mama Ndoto akainamia beseni. Aliosha sahani moja, akaifuta, akaosha ya pili. Kamili hakuwa mtu wa kustahimili kimya cha mkewe, hakuwahi kuwa.

"Ilidondoka," alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ilikuwa inatoboa vizuri, nimeweka mkono, naisikia. Mara chini yake hakuna kitu. Kama unaposhuka ngazi ukadhani imebaki moja. Halafu ikagota tena kwenye jiwe. Na maji ninayoyapeleka shimoni kupoza mashine hayakurudi juu."

"Pengo kubwa kiasi gani?"

"Kimo changu."

"Na ukayasogeza mawe."

"Vijana walikuwa wanatazama, mke wangu. Wameletwa kujifunza kwangu. 'Njooni muone sanduku la Kamili,' ndivyo walivyoambiwa. Maisha yangu yote sijatoa sanduku lenye pengo. Mkono ukafanya wenyewe. Nikajiambia ni kitobo tu, watakimwagia saruji juu, basi."

Mama Ndoto alifuta mikono akageuka kumtazama. Alikuwa analia, na hakujificha. "Kwa hiyo huko chini, mahali ukuta utakaposimama, kuna mtu wa kimo chako hayupo. Na mwanetu anafagia uwanja wake mbele ya mlango huo. Kesho Bibi Mwamba anaonyesha mstari. Ukisema wewe, umesema wewe. Usiposema nitasema mimi, na nitasema nikilia hivihivi mbele ya wakubwa wote. Lakini nakuomba uwe wewe."

Kamili alitoka nje. Alikaa kwenye kizingiti amempa mkewe mgongo, mabega yameanguka, naye alimhurumia sana lakini hakumfuata. Kulipoanza kuingia giza alirudi ndani. Akapita nyuma ya mlango wa jiko, akauchukua ubao. Aliusimamisha wima, akasimama nao bega kwa bega, akaweka kiganja utosini kupima, akachora alama kwa msumari. Kisha akautoa nje, uwanjani. Mama Ndoto alisikia msumeno ukianza, na akabaki amesimama jikoni, kitambaa mkononi, akisikiliza Wiki Ijayo ikichanwa vipande vyembamba.

Asubuhi wakubwa walikuwa wameshafika, viatu vyao bado vinang'aa. Bibi Mwamba alikuwa akiyafungua masanduku, wachorongaji wamesimama pembeni, na vijana wenyewe wapo. Kamili akaingia na kipande kimoja cha ule ubao begani, kimechongwa kwa upana wa muwa, kirefu kama yeye. Watu wakadhani amekosea mlango. Vipande vya pengo, kwa kawaida, vilikuwa vya urefu wa kidole, au kiganja ukizidisha. Hakuna aliyewahi kuona kijiti cha kubebwa begani.

Hakuhutubia. Alipiga magoti mbele ya sanduku la chini, akaanza kutoa miwa mmojammoja, kuanzia pale pa uongo kwenda mbele, akiipanga sakafuni. Akaulaza ubao mahali pake. Haukuenea kwenye mfereji mmoja kati ya ile mifereji ya sanduku ambamo miwa hulazwa, akaukata, akaendeleza kwenye mfereji wa pili, ukakaribia kuumaliza. Mawe yaliyobaki yakakosa nafasi, ikabidi liletwe sanduku jingine. Kazi hiyo ilichukua muda. Alipomaliza alibaki palepale chini.

"Hapa hapakuwa na kitu," alisema. "Nilijaza mimi. Mlima uko wazi kimo cha mtu, na maji yangu hayakurudi."

Bibi Mwamba aliutazama ule ubao. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Alipoongea hakufoka, na hilo ndilo lililowatisha watu. "Mstari wangu ulikuwa unapita hapo juu," alisema, akitafuta mahali pa kukaa. Akakaa juu ya ndoo. "Bwana Kamili, mstari wangu ulikuwa unapita hapo juu kabisa."

Walichoronga mashimo mengine kuzunguka hilo, na baadhi yake yalidondoka vilevile. Ndani ya mlima wa kushoto kulikuwa na njia nzima iliyochimbwa na maji ya kale, inatokea huku, inaishia kule upande wa mji. Wakahamisha ukuta juu zaidi bondeni, mahali ambapo mwamba mweusi mgumu umekatiza mto kutoka mlima hadi mlima. Wakubwa walinung'unika kwa kucheleweshwa. Kamili alitolewa kwenye mashine kwa muda, akawa anapanga mabomba, na vijana walewale wakambadilisha jina. Wakamwita Pengo. Siku za kwanza lilimchoma, alijikaza kisabuni tu. Baadaye akaliitikia. Na aliporudishwa kwenye mashine, kitu cha kwanza alichomwonyesha mwanafunzi yeyote kilikuwa ule ubao. "Huyu ni mimi," alikuwa akisema. "Ukimaliza kunicheka, njoo tufanye kazi."

Mama Ndoto aliwahi kuniambia kwamba siku ya harusi alimpenda, ndiyo, lakini siku ya ubao alimpenda mpaka akaegemea meza ya mawe.

Ziwa likajaa. Mjukuu akazaliwa katika mji ule wa chini, akajifunza kuogelea kwenye mto uleule mwembamba, tulivu. Rafu haikupatikana. Kamili aliahidi ubao mwingine wiki ijayo, na mkewe alicheka hadi akashika mbavu. Waliendelea hivyo mpaka wakazeeka, na Kamili akatangulia.

Mwaka jana binti yao alikuja na fundi mlangoni. "Mama, leo tunakuwekea rafu. Nimechoka kuinama kila nikitaka kikombe."

"Hapana, mwanangu. Rafu yangu ninayo."

"Iko wapi?"

Mama Ndoto akafunga kilemba, akamshika mkono. Walipanda polepole kandokando ya ziwa mpaka kwenye banda la mawe, ambalo bado lipo, maana masanduku ya bwawa hayatupwi hata bwawa likizeeka. Mlinzi anamfahamu, hakuuliza kitu. Mama Ndoto alilifungua lile sanduku la chini, akaupangusa vumbi ule ubao kwa kiganja, mfereji wa kwanza, kisha wa pili, polepole, kama mtu anavyompangusa mwenzake mgongo akiwa amelala.

"Picha za baba yako zote ni za kichwa na mabega," alimwambia binti yake. "Huyu hapa ndiye mzima. Alijipima mwenyewe."

Binti akapiga magoti, akaweka mkono wake pale pa mama. Nje, maji yalikuwa yametulia, yamefika kwenye alama zake. Baadaye walirudi nyumbani, wakainama, wakatoa vikombe sakafuni, wakanywa chai.